Jaribio la kitufe cha "Lipa" linakwama kwenye Flutter

Swali (Kisumu): Wadau, programu yetu ya nauli za matatu, tuliyoitengeneza kwa Flutter (zana ya kutengeneza programu za simu), ina kitufe cha "Lipa". Kikibonyezwa, kiduara cha kusubiri huzunguka, na jaribio la kiotomatiki linakwama kwenye amri ya pumpAndSettle. Nirekebishe wapi?

Jibu (Nakuru): pumpAndSettle husubiri hadi kusiwe na fremu mpya (mchoro mpya wa skrini) iliyopangwa. CircularProgressIndicator, yaani hicho kiduara, haikomi kuzunguka, kwa hiyo jaribio litafeli baada ya dakika 10 za saa bandia ya majaribio. Baada ya tester.tap (kubonyeza), ita tester.pump() (kuchora fremu moja) mara moja, hakikisha kiduara kipo, kisha pump tena kwa muda ambao seva yako bandia huchukua kujibu.

Jibu (Kakamega): Kitufe kitafute kwa find.byKey, yaani kwa kitambulisho (key) ulichokipa kwenye msimbo. Ukitumia find.text, inayotafuta kwa maandishi, siku "Lipa" ikiwa "Lipa nauli" jaribio litavunjika bure. Pia skrini ya majaribio ni pikseli za kimantiki 800 kwa 600, pana kuliko simu, kwa hiyo badilisha tester.view.physicalSize (ukubwa wa skrini) na tester.view.devicePixelRatio (uwiano wa pikseli).