Pikapu inagonga nikiweka gia, halafu inatetemeka ikifika 70. Ni difu kweli?

viazi_molo
Wadau habari zenu. Niko na pikapu ya 1994, diseli, fowilo, kazi yake ni kubeba viazi kutoka Molo hadi Nakuru. Siku hizi nikiweka gia ya kwanza ama rivasi inapiga KO huko chini, nikiachilia mafuta halafu nikanyage tena inapiga ingine. Na ikifika 70 hivi kiti chote kinatetemeka hadi kwa kioo cha ndani huoni gari ya nyuma, ikipita 85 inapungua. Fundi ameinama dakika mbili akasema difu, ile boksi ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, imeisha, nitafute ya mtumba, elfu arobaini na tano. Hiyo pesa sina na pia roho imekataa.

kondele_garage
Boss usinunue difu bado. Kwanza jua kama ni injini ama ni propela, ile shafti ndefu inapeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Ikianza kutetemeka hapo 70 toa gia uweke nyutro iende yenyewe kidogo, ikiendelea kutetemeka basi injini na klachi hazina makosa, ni vitu vinazunguka na tairi. Lakini fanyia mahali tambarare tafadhali, si kwa mteremko wa Sachangwan, unajua yenye hutokea na watu wa kuteremka nyutro huko.

Halafu ingia chini. Weka mawe kwa tairi mbele na nyuma, gari iwe nyutro, shika propela uizungushe huku na huku ukiangalia krosi moja moja, vile viungo vinaacha shafti ikunjike. Upande mmoja ukisonga kabla ya ule mwingine, hiyo krosi imekwisha. Angalia pia kama kuna unga mwekundu kwa vikombe vidogo vya ncha zake, ule wa kutu, hapo grisi iliisha kitambo.

mzee_wa_difu
Mimi nakubaliana na fundi. KO ya kuweka gia ni difu, nimeona nyingi.

kondele_garage
@mzee_wa_difu inaweza kuchangia, sikatai, lakini difu ikiisha kawaida inalia, inaimba ukikanyaga na kubadilisha sauti ukiachilia. Huyu hajasema inaimba.

viazi_molo
Haiimbi. Nyutro nimejaribu barabara ya Njoro, bado inatetemeka. Na krosi ya nyuma karibu na difu iko na unga mwekundu kama pilipili. Propela ya mbele nayo niangalie?

baba_wawili_nakuru
Kama habu za mbele, zile loki za tairi, umezifungua na uko tuwilo, yaani tairi za nyuma tu ndio zinavuta, ya mbele haizunguki kabisa, achana nayo. Swali langu ni hili, hiyo ya nyuma ni ya vipande viwili? Imewahi kuchomolewa?

viazi_molo
Eeh viwili. Tulibadilisha senta beringi, ile inashika propela katikati, kabla tu shida ianze, aki sikuwa nimeunganisha hizo mambo mbili.

baba_wawili_nakuru
Hapo sasa. Mlipoivuta mkaitenganisha kwa splaini, yale meno yanaingiliana pale shafti inateleza, mliweka alama? Masikio ya krosi, yale yanashika vikombe, huku mwisho mmoja wa shafti na mwisho ule mwingine lazima yaangaliane sawa. Ukirudisha ikiwa imeruka jino moja ama mawili, mtikisiko wa krosi moja haufutwi tena na ule wa ingine na gari inatetemeka hata kama kila kitu ni kipya. Mimi ilinipata, nikabalansi tairi mara tatu bure. Lala chini uangalie na macho tu, huhitaji spana. Ukifungua safari hii piga laini ya rangi kwa shafti na kwa flanji ya difu, chaki itafutika na mafuta.

viazi_molo
Wazee nimerudi. Masikio yalikuwa hayaangaliani, yameruka meno mawili! Tumerudisha sawa na kuweka krosi mpya nyuma, jana nimebeba magunia kumi nikapita Salgaa na 80 kioo kimetulia. KO imebaki ndogo tu nikiweka rivasi.

kondele_garage
Hiyo ndogo ni splaini na difu kuzeeka pamoja, gari ya 1994 utafanyaje. Piga grisi kwa krosi hadi itokee vikombe vyote vinne, kwa splaini usijaze sana ikashindwa kuingia ndani ukipita shimo. Ikianza kuimba ndio utafute hizo elfu arobaini na tano.

mzee_wa_difu
Niko na moja hapa ya elfu thelathini na nane, lakini sawa.