Binti wa miaka minne na nusu: huyu kasema mtindio wa ubongo, yule kasema usonji. Nimfuate nani?

mama_zuu_mbagala
Habari za jioni wapendwa, hasa wenye watoto wa aina hii na wauguzi mliomo humu.

Binti yangu alikaa, akatambaa na kutembea kwa wakati wake. Maneno alikuwa nayo, "maji", "dada", "toka", baadaye yakakatika. Sasa akitaka kunywa ananishika mkono, ananivuta, kiganja changu anakiweka juu ya jagi. Vizibo vya soda anavipanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, na ole wako usogeze kimoja. Ukimwita jina hageuki. Fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, huyo kaja mbio.

Hospitali ya kwanza daktari alimwona amelala mgongoni kwangu, akaandika mtindio wa ubongo (cerebral palsy, ubongo ulioumia mapema mwili ukawa mgumu kuutawala). Kwingine, kwa kulipia, wakasema usonji (autism, mtoto anayepata shida kuwasiliana na kuchangamana na watu) hata sijamaliza kueleza, tukapewa dawa ya kumtuliza. Anashinda anasinzia, udenda unamtoka. Mama mkwe anasema baba yake naye alichelewa kusema. Wifi keshaniulizia mtu Bagamoyo, na nauli kajitolea (hajawahi kunichangia hata unga).

Sitafuti faraja, mtaani nafarijiwa mpaka nachoka. Nataka kujua mtoto anapimwaje mpaka mtu aseme kwa uhakika ni hiki, si kile.

baba_wa_pacha
Pole dada. Anza na masikio. Hiyo pakiti ya biskuti isikudanganye, mtoto anaweza kusikia sauti fulani akakosa zile za maneno. Omba kipimo cha BERA: mtoto akiwa usingizini wanambandika vinasa kichwani, mashine inasoma yenyewe, hahitaji kujibu chochote. Wangu masikio yalikutwa mazima, ndipo tukasonga mbele. Na usonji hauonekani kwenye damu wala CT scan. Anayetaka kukupiga CT ili auone usonji, anataka hela yako.

muhogo_jangombe
Watoto wa simu hao. Mnyang'anye simu ataongea.

mama_zuu_mbagala
Kaka, simu naondoka nayo gengeni alfajiri, narudi nayo usiku. TV hatuna. Anaangalia nini, ukuta?

nesi_mstaafu
Mama Zuu, mtoto aliyelala mgongoni hatambuliwi chochote. Anatakiwa aonwe akicheza, na wewe uulizwe tangu mimba. Beba kadi ya kliniki. Alilia alipozaliwa? Alipata manjano, degedege, malaria ya kulazwa? Hayo yanaweza kuacha alama kwenye ubongo. Tena mtindio na usonji vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, si lazima mmoja wa madaktari awe muongo.

Ila kuna neno limenishtua: maneno yalikatika. Huwa anaduwaa?

mama_zuu_mbagala
Ndiyo! Jana tu, kijiko cha uji kikasimama njiani, kope zinapepesa, uji unachuruzika kwenye kanga. Namtikisa, kimya. Kisha akaendelea kula. Nilidhani ni ile dawa, lakini hata kabla ya dawa alikuwa nayo.

nesi_mstaafu
Ikitokea tena mrekodi kwa simu, video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yangu na yako. Kisha omba EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Upo ugonjwa unaitwa Landau-Kleffner, umeelezwa tangu 1957: mtoto aliyekwisha kusema anapoteza maneno kwa sababu umeme wa ubongo unavurugika, zaidi akiwa usingizini, watu wakadhani ni kiziwi au ana usonji. Ni nadra, na sisemi ndicho alicho nacho. Kupoteza maneno hutokea kwenye usonji pia, na baadhi ya wenye usonji wana kifafa pia. Ndiyo maana kuduwaa huko kusiachwe bila kupimwa.

Chukua rufaa hospitali ya wilaya uende Muhimbili, uwaombe madaktari wa ubongo na wa afya ya akili wa watoto. Hajatimiza mitano, kwa sera ya serikali anatibiwa bure. Wakikudai kipimo, muone ofisa ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla ya kukopa.

Siku ya EEG nywele zifumuliwe, zioshwe, zisipakwe mafuta, la sivyo vinasa havishiki. Pengine watakuambia umkesheshe usiku ili alale kwenye kipimo.

baba_wa_pacha
Kumkeshesha ndiyo kazi. Mimi nilizunguka naye uani mpaka kumekucha.

mama_zuu_mbagala
Kasukwa Jumamosi, elfu tano yangu hiyo. Nitamfumua. Sasa dawa niitupe?

nesi_mstaafu
Usiikatishe ghafla. Mrudie mapema aliyeiandika, mwambie mtoto anashinda amelala, yeye ndiye aipunguze. Boksi lake usitupe, Muhimbili watataka kuliona.