Popi Abaki na Nani Krismasi Hii?

*Kikundi cha Majirani, Tabata. Jumamosi, 6 Desemba*

Mama Glory, saa 1:04 jioni: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Tarehe 20 tunapanda Machame kama kila mwaka, tunarudi tarehe 4 Januari Mungu akijalia. Tiketi tumeshakata. Kinachoninyima usingizi ni mbwa wetu Popi na wale kuku. Dada wa kazi naye anakwenda kwao Singida tarehe 18, nyumba inabaki tupu kabisa. Nani anaweza kunisaidia jamani?

Deo, 1:07: Shemeji si umfungulie tu geti, atajitafutia. Mbwa hafi njaa mjini.

Mama Glory, 1:08: Hapana Deo. Popi kazaliwa humu ndani, jalala halijui. Na hizi bodaboda za usiku zitamgonga hata wiki haijaisha.

Deo, 1:09: Basi mfunge nyororo, mimi nikitoka kazini nitakuwa napita kila baada ya siku mbili namrushia ugali.

Bi Zuhura, 1:15: Deo mwanangu, siku mbili? Kwa joto hili la Desemba? Na maji atakunywa wapi? Sisi tangu madrasa tumefundishwa habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, chakula hakumpa, wala hakumwacha ajitafutie. Na tumefundishwa pia aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Ukishamfunga mnyama utaulizwa wewe.

Deo, 1:16: Nimekuelewa Bi mkubwa. Nilidhani mbwa anavumilia.

Mjumbe, 1:21: Niongezee hapo. Mwaka jana kuna nyumba huku juu, sitaitaja, walisafiri wakamwacha mbwa na nyororo. Usiku wa tatu majirani wakanipigia simu kwamba analia hanyamazi. Tulipofika sufuria ilikuwa imepinduka, mbali kidogo na pale nyororo inapofika. Shingo imechubuka manyoya yote yametoka. Tukamnywesha maji kwa kopo, alikunywa mpaka akatapika. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama ahakikishe anapata chakula, maji na matunzo. Kusafiri hakukuondolei wajibu huo. Naomba mwaka huu nisipigiwe simu ya namna ile.

Mama Glory, 1:23: Ndiyo maana naulizia mapema, Mjumbe.

Mama Kelvin, 1:30: Mama Glory, Kelvin si yupo tu? Kamaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Sisi mwaka huu hatusafiri. Mpe hiyo kazi, asubuhi na jioni. Ila naomba iwe kazi kweli, umlipe, ili akijua analipwa asilale mpaka saa nne.

Mama Glory, 1:31: Jamani Mungu akubariki! Elfu tano kwa siku tutakubaliana? Chakula cha Popi nanunua mwenyewe kabla sijaondoka, unga, dagaa na utumbo naacha kwenye friza.

Mama Kelvin, 1:32: Tumekubaliana. Nusu mpe mwanzo, nusu ukirudi.

Kelvin, 1:36: Shikamoo mama. Mimi nipo tayari. Ila Popi akiniona getini ananibwekea sana, ataniruhusu niingie kweli?

Daktari wa Mifugo, 1:48: Habari za jioni majirani, ndiyo natoka kwa mteja. Kelvin swali lako ndilo la kwanza kabisa. Usianze kazi siku wenyewe wameshaondoka. Anza wiki hii. Uende jioni Mama Glory akiwepo, umpe chakula kwa mkono wako, uondoke. Kesho hivyo hivyo. Siku ya tatu ya nne mama akae ndani asionekane. Akikubali kula mbele yako peke yenu wawili, kazi imeisha. Na ukimkuta anakula, usimguse wala usichukue sufuria mpaka amalize.

Kelvin, 1:49: Sawa dokta. Naanza kesho.

Daktari wa Mifugo, 1:52: Mama Glory, Popi kachanjwa kichaa cha mbwa lini mara ya mwisho?

Mama Glory, 1:58: Nimetafuta kadi. Novemba mwaka jana.

Daktari wa Mifugo, 2:03: Basi imepita mwaka, arudiwe kabla Kelvin hajakabidhiwa. Hapa sifanyi biashara, mniamini. Watu wanaokufa kwa kichaa, karibu wote wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hatuna dawa. Kelvin, mbwa yeyote akikung'ata, hata mkwaruzo mdogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usipake mafuta ya taa wala majivu. Na usisubiri mama arudi Machame.

Mama Kelvin, 2:04: Dokta umenitisha lakini asante. Chanjo hiyo ifanyike kwanza.

Daktari wa Mifugo, 2:05: Jumamosi ijayo nakuja mtaani. Wengine pia waleteni, mtoto wa mbwa akishafika miezi mitatu anachanjwa.

Mwalimu Anna, 2:10: Samahani naingilia. Mimi nakwenda Tanga tarehe 23 kwa wiki moja. Nina paka, anaitwa Mimi. Nilitaka nimwachie dagaa wengi na maji ndani, dirisha moja wazi. Itatosha?

Bi Zuhura, 2:12: Mlete kwangu Mwalimu. Mbwa mimi simshiki, mnajua mambo ya udhu, lakini paka analala hata kwenye mswala wangu.

Daktari wa Mifugo, 2:20: Bi Zuhura Mungu akulipe. Ila ningeshauri wewe ndiye uende kwa paka, asije yeye kwako. Paka ameshika nyumba. Ukimhamisha kwa wiki moja atatoka usiku kutafuta kwao, na hapo katikati kuna barabara. Mwalimu akuachie ufunguo, upite mara mbili kwa siku. Dagaa wa wiki nzima hapana, siku ya pili wana sisimizi, harufu imegeuka, paka hawagusi. Na paka aliyekaa siku mbili tatu bila kula ini lake linaanza kuharibika, hasa akiwa mnene. Ukiona sahani haijaguswa kutwa nzima nipigie. Jambo jingine, akionekana mgonjwa msimpe panadol. Kidonge kimoja kinaua paka.

Mwalimu Anna, 2:22: Panadol??? Sikujua kabisa. Na huyo wangu ni mnene kweli. Bi Zuhura ufunguo nakuletea mwenyewe.

Bi Zuhura, 2:24: Mara mbili hata tatu. Ni kuvuka barabara tu.

Baba Rehema, 2:25: Samahani, gari la taka kesho linapita?

Mjumbe, 2:26: Jumatatu.

Mama Glory, 2:31: Dokta na kuku? Wapo 14 na vifaranga. Nilifikiri niwahamishie bandani kwa Bi Zuhura wale na wake.

Bi Zuhura, 2:32: Nafasi ipo.

Daktari wa Mifugo, 2:38: Msiwachanganye tafadhali. Kuku wa nyumba mbili ukiwakutanisha ghafla, wa mmoja akiwa na mdondo, wote mnawazika ndani ya wiki. Wabaki banda lao, Kelvin awafungulie asubuhi, jioni awafungie. Jumamosi nitawapa chanjo ya mdondo, lile tone la jicho, linarudiwa kila miezi mitatu. Ndiyo maana nataka iwe Jumamosi hiyo ijayo, chanjo inahitaji wiki moja au mbili kinga ijijenge. Ukisubiri mpaka tarehe 19 utakuwa umechelewa.

Mama Glory, 2:40: Sawa. Kelvin, masikio ya Popi ncha zake zina vidonda, nzi wanamng'ata. Kuna dawa kwenye kikopo cheupe juu ya friji, mpake asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukifika tu anakuletea kichwa mwenyewe, ameshazoea.

Kelvin, 2:41: Sawa mama. Anakula saa ngapi?

Mama Glory, 2:43: Saa moja jioni. Ugali laini na dagaa, usitie chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe hata akikulilia, inavunjika kama sindano. Maji ndoo ile ya bluu, mwaga yote kila asubuhi weka mapya, na iwe chini ya mwembe siyo juani.

Deo, 2:47: Na usiku wa mwaka mpya? Fataki za mwaka jana mbwa wa kazini kwetu aliruka ukuta, hajaonekana hadi leo.

Daktari wa Mifugo, 2:50: Deo hapo umesaidia sana. Tarehe 31 Kelvin umlishe mapema, saa kumi na mbili, umtembeze kidogo, kisha umwingize stoo. Dirisha lifungwe, redio iwe wazi kwa sauti ya kawaida, na nguo iliyovaliwa na Mama Glory ambayo haijafuliwa uiweke pale anapolala. Usimfunge nyororo usiku huo, akishtuka atajinyonga.

Deo, 2:52: Mimi siendi popote mwaka mpya. Kelvin ibada ya mkesha nenda na mama yako, nitakaa pale barazani mpaka saa saba zinyamaze.

Mama Kelvin, 2:53: Ahsante sana Deo.

Mama Glory, 2:55: Kila la heri shemeji, nitakuletea ndizi za Machame. Kelvin, picha moja ya Popi kila jioni unitumie, bando naweka mimi. Namba ya dokta nimeiandika ukutani jikoni. Ikitokea lolote la matibabu, nimwachie Mjumbe elfu hamsini ili mtu asihangaike kunitafuta, huko mlimani mtandao unasumbua.

Mjumbe, 2:57: Niletee, nitaandika kwenye daftari.

Daktari wa Mifugo, 2:59: Jumamosi saa tatu asubuhi, uwanja wa msikiti upande wa nje, chini ya mti wa mkungu. Kila mbwa kwa kamba, paka kwenye kikapu chenye mfuniko. Kadi msisahau.

Kelvin, 3:00: Popi nitamleta mimi.