Mtambo wa kutoa chumvi Tumbatu: kabla hatujashangilia, umeme atalipa nani?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi humu mnasema dawa ya shida ya maji kisiwani kwetu Tumbatu, Unguja, ni mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, ati bahari imetuzunguka kwani tunangoja nini. Mie mtu wa Jongowe, kijiji cha Tumbatu, dhiki hii naijua, mama yangu alikuwa akivuka na madumu kwenda kuteka ng'ambo, upande wa Mkokotoni, kaskazi ikichachamaa anarudi kanga imerowa mpaka kifuani na dumu moja limeshaingia maji ya bahari, kazi yote bure. Kwa hivo mtu asinambie sitaki maji.

Ninachokataa ni kuletewa mashine ikazinduliwa kwa ngoma halafu miaka mitatu mbele ikawa nyumba ya popo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, kuyachuja lazima uyasukume kwa presha mara 55 hadi 70 ya hewa ya kawaida, na hiyo inakula umeme kama uniti 3 hadi 4 kwa kila lita elfu. Kwa dumu moja ni kidogo sana, hilo sibishi. Lakini chukua lita laki moja kwa siku, uniti 300 mpaka 400, mwezi umefika uniti elfu 9 hadi 12, bili inakuja moja kwa mkupuo, anailipa nani, sheha? Na tusisahau Unguja yenyewe inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, ulipoharibika Disemba 2009 tulikaa gizani miezi mitatu.

Mnaosema sola nakubaliana na nyie nusu, mtambo ufanye kazi mchana maji yajazwe tangini, bas. Ila jua halibadilishi chujio. Nimewahi kuingia chumba cha mashine kama hii kwenye hoteli moja ya mashariki, fundi akanitolea chujio la mwanzo, jeupe lilipotiwa, siku hiyo rangi ya kahawa na linanuka mwani uliooza, akanambia hili ndio rahisi, yale ya ndani ukiyachelewesha yameshakufa na yanaagizwa nje. Hoteli inamuuzia mgeni chumba. Sie tutauza nini?

Tena kuna yale maji yanayobaki. Katika lita 100 unapata kama 40 za kunywa, 60 zinarudi baharini na chumvi yote, ukizimwaga kwenye maji ya kina kifupi wanapolima mwani kina mama umewaharibia riziki yao.

Mie ningeanza na mapaa. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikishuka, hizo lita elfu moja, na masika zinashuka mvua kama hizo nyingi, tunaziacha zipite kwa kukosa mifereji na tangi. Halafu mtambo mdogo uwekwe kwenye kisima cha maji ya chumvichumvi, chumvi yake chache, presha ndogo, umeme mdogo, na vijana wawili wa hapahapa wafundishwe kabla mashine haijashushwa botini.

Kama kuna aliyekaa kwenye kamati ya maji Kojani au Kisiwa Panza, visiwa vidogo vya Pemba, atwambie wazi, mchango mlikusanya vipi, na pampu ilipokufa nani alitoa pesa?