Dhamana kwenye unyang'anyi wa silaha: aamue hakimu au aamue aliyeandika chaji?

Mwanamwalo (Kibirizi, Kigoma)

Wakubwa shikamoni, wengine mambo. Hoja yangu ni moja na naisema mapema asije mtu akaniambia natetea majambazi. Sisemi mtuhumiwa wa unyang'anyi wa silaha apewe dhamana. Nasema hakimu aruhusiwe kuamua. Kwa sasa haruhusiwi, kile kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai watu wanachokijua kama 148(5) kimeshamaliza kila kitu: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine, dhamana hakuna, hakimu anabaki kupanga tarehe tu.

Sasa hebu tuangalie hiyo "silaha" ni kitu gani. Wengi tukisikia tunawaza SMG, kumbe sheria inasema silaha au kifaa chochote cha hatari, kwahiyo panga lipo, nondo ipo, rungu lipo. Huku mwaloni wavuvi wawili wanadaiana, mmoja anaenda usiku kuibeba mashine ya mtumbwi wa mwenzie na panga analo mkononi, wanasukumana, asubuhi wako polisi. Stori hiyohiyo inaweza ikaandikwa shambulio, ikaandikwa wizi, ikaandikwa unyang'anyi wa silaha. Ikiandikwa shambulio jamaa anatoka kwa barua ya mtendaji na wadhamini wawili, usiku anakula ugali na mgebuka kwake. Ikiandikwa ile ya tatu anapanda karandinga kwenda gereza la Bangwe na atakaa huko mpaka kesi iishe, na akitiwa hatiani adhabu haipungui miaka 30. Nani kaamua yote hayo? Sio mahakama, ni mwenye kalamu. Na mwenye kalamu akiwa ana njaa au ana bifu na wewe, tunayajua yanayofuata.

Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima, na hata washtakiwa wa mauaji wanapewa. Afrika Kusini yule mwanariadha Oscar Pistorius alimuua mpenzi wake Februari 2013, mwezi huohuo akatoka kwa dhamana ya randi milioni 1, kesi nzima alikuwa anahudhuria akitokea uraiani na mwisho wa siku alifungwa. Hakukimbia.

Konda Mstaafu (Kasulu)

Mdogo wangu umeongea vizuri ila inaonekana hukupita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo enzi zile mabasi yanasindikizwa na askari wenye bunduki. Mimi nimelazwa kifudifudi porini na abiria wangu, wakina mama wanavuliwa mpaka kanga kutafutwa hela. Sasa kwenye kesi kama hiyo mashahidi ni akina nani? Ni konda, dereva na yule mama mwenye magunia yake ya maharage. Ukishampa jambazi dhamana wiki ijayo yuko stendi ananiangalia tu, haongei, ananiangalia. Mimi nitaenda mahakamani? Thubutu.

Na huyo Pistorius wako usinichekeshe, mtu anajulikana dunia nzima angekimbilia wapi. Huyu wetu ana majina matatu, NIDA hana, nyumba hana, Burundi iko hapo Manyovu, Kongo ni boti ya usiku mmoja. Hakimu wa Kenya yuko Kenya. Hata Uganda ambako Mahakama Kuu inaweza kutoa dhamana kwa kesi za mauaji, Museveni mwenyewe mwaka 2021 alisimama hadharani akataka iondolewe.

Mlalahoi wa Ujiji

"Mheshimiwa upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Nimemaliza kuchangia.

Nzengo (Urambo)

Konda yuko sahihi ila kasahau jambo. Huku Unyamwezini mtu akirudi kijijini siku chache baada ya kukamatwa, wananchi hawasemi kapewa dhamana, wanasema kainunua kesi. Usiku wanaamka na fimbo. Sungusungu huku hawakuanza kwa sababu watu wanapenda vita, walianza miaka ya 80 sababu ng'ombe wanaibiwa na anayeiba anaonekana sokoni wiki ileile. Kwahiyo mahabusu saa nyingine inamlinda mtuhumiwa mwenyewe.

Mwanamwalo

Kaka Nzengo, yani nimuweke ndani miaka ili majirani wasimuue? Si uwakamate hao majirani?

Nzengo (Urambo)

Kijiji kizima? Kwa karandinga ngapi?

Binti wa Isevya (Tabora)

Shikamoo baba Konda. Nasoma sheria kwahiyo mnivumilie kidogo, nitawagusa wote.

Hili lilishafika mbali. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba, kesi ya Dickson Sanga. Serikali ikakata rufaa, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaipindua, kwahiyo kifungu kikabaki. Na kaka Mwanamwalo, chaji za siku hizi haziishii kwa askari wa zamu, waendesha mashtaka wanazipitia, japo nakubali wanapitia kile ambacho polisi amewaletea. Mwaka 2022 pia sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe kortini kabla upelelezi haujaisha, isipokuwa makosa mazito. Yaani palepale tunapolia ndipo palipoachwa.

Ila kaka mfano wako wa Pistorius hukuumalizia, na hapo ndo kuna jibu la baba Konda. Kule Afrika Kusini kwa makosa mazito kabisa, mauaji ya kukusudia, unyang'anyi wa bunduki, mzigo unageuka: sio serikali inayoeleza kwa nini ubaki ndani, ni wewe mshtakiwa uishawishi mahakama kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya utoke. Wengi hawawezi na wanabaki ndani. Lakini wanabaki baada ya kusikilizwa na mtu anayevaa joho. Uingereza mshtakiwa wa mauaji hakimu wa ngazi ya chini haruhusiwi hata kumgusa, dhamana yake anaiamua jaji wa Crown Court peke yake.

Halafu kuna muda. Hukohuko England mahabusu wa kesi kubwa kwa kawaida ana siku 182 mpaka kesi ianze, mwendesha mashtaka akitaka zaidi aombe na aeleze alikuwa anafanya nini siku zote hizo. Ujerumani ikifika miezi 6 bila hukumu mahakama ya ngazi ya juu yake inalipitia faili upya. Sisi masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka na miaka na kesi ya ugaidi, Juni 2021 DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akafuta mashtaka wakarudi nyumbani. Miaka ile hamna anayeilipa.

Mwanamwalo

Dada ubarikiwe, hicho cha mzigo kugeuka ndo nilikuwa nakitafuta nikakosa pa kukipatia. Mzee Konda hapo unakataa nini? Yule wako wa majina matatu hana nyumba hana NIDA, atamwambia nini hakimu akamwelewa? Atabaki ndani. Ila huyu wangu wa mashine, mwenye mke na watoto wanne hapo Kibirizi, mtumbwi wake unajulikana, mwenyekiti wa mtaa anamjua tangu mdogo, na aliyeporwa ni mtu anayemdai hela kwa maandishi, huyu apate hata nusu saa ya kuyasema hayo mbele ya hakimu.

Konda Mstaafu (Kasulu)

Sijakataa kusikilizwa. Nakataa asikilizwe peke yake. Hiyo nusu saa yenu na mimi niliyelazwa porini niitwe, niseme namuogopa, na jina langu lisisomwe mbele ya ndugu zake wamejaa mabenchi. Mkiweka hivyo nakubali nusu.

Binti wa Isevya (Tabora)

Na nusu iliyobaki baba?

Konda Mstaafu (Kasulu)

Nauli. Mara ya mwisho nimeitwa ushahidi nimefika kesi ikapigwa kalenda, nikaitwa tena ikapigwa tena, hela yangu mfukoni. Sasa mnaniongezea siku nyingine ya kwenda kubishania dhamana. Nani ananilipa?

Mlalahoi wa Ujiji

Mzee subiri, upelelezi wa nauli yako bado haujakamilika.