UZI: Tovuti ndogo ya hobi na sheria za faragha, tupeane uzoefu

Mchanja_Kuni
Wakuu, uzi huu ni wa wenye tovuti ndogo zisizo za biashara: picha za ndege, mapishi ya nyumbani, historia ya kijiji, majahazi. Tuweke yanayofanya kazi na yanayokwama. Vitisho vya "utafungwa" tuviache nje.

Pweza_Kavu
Tuanze na kisingizio cha "mimi si kampuni". Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 51, inamwachia mtu anayeshika taarifa kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani. Ulaya nayo ina msamaha kama huo. Ila mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2003, kesi C-101/01, kwamba kuwaandika wenzako wa parokiani kwenye ukurasa unaosomwa na yeyote duniani si jambo la nyumbani tena. Na ule ukurasa ulitengenezwa kwa kompyuta ya nyumbani, na mtu wa kujitolea kanisani! Tovuti yenye nywila kwa ajili ya ndugu zako ni kitu kimoja, iliyo wazi kwa Google ni kingine.

Bi_Kidawa
Nyongeza kwa walio Kenya. Kanuni za usajili za 2021 zinakusamehe kujisajili kwa Kamishna wa Data kama mapato yako ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10. Yote mawili kwa pamoja. Lakini zipo kazi zisizosamehewa hata ukiwa mdogo kama sisimizi, mfano afya, elimu, kamari na kumtumia mtu matangazo ya biashara yeye mwenyewe (direct marketing). Kusamehewa usajili hakukutoi kwenye sheria yenyewe. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, una saa 72 za kumwarifu Kamishna, hata kama huna cheti cha usajili.

Fundi_Waya
Kwa Tanzania mambo ni tofauti, ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watu huchanganya usajili huu na leseni ya maudhui mtandaoni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ni ofisi mbili na sheria mbili, na kuwa na karatasi moja hakufuti nyingine. Jambo jingine, seva yako ikiwa Ujerumani, taarifa zimeshatoka nchini, na sheria zote mbili, ya Kenya na ya Tanzania, zina masharti juu ya hilo. Ndiyo maana kwa tovuti ya hobi dawa ni kutokusanya.

Mchanja_Kuni
Hapo kwenye kutokusanya ndipo pazito. Wengi wanadai hawakusanyi kitu, kumbe thimu (mwonekano wa tovuti) na plagini (programu za nyongeza) zinakusanya.

Nahodha_wa_Seva
Pima hivi. Fungua dirisha la faragha ili usiwe umeingia kama msimamizi. Bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, pakia ukurasa upya kwa Ctrl+Shift+R. Soma safu ya Domain. Kila jina lisilo lako limepokea anwani ya IP ya msomaji, yaani namba ya muunganisho wake wa intaneti.

Utakayemkuta mara nyingi ni fonts.googleapis.com, seva ya Google ya fonti (maumbo ya herufi). Januari 20, 2022 mahakama ya Munich ilimpa msomaji fidia ya euro 100 kwa sababu tovuti ilipeleka IP yake Google kupitia fonti tu. Baada ya hapo barua za kudai euro 170 zikamiminwa kwa wenye tovuti Ujerumani. Mwenye wasomaji wa diaspora huko asicheke.

Kurekebisha: pakua faili za fonti za woff2, uzito 400 (kawaida) na 700 (nene) zinatosha, ziweke kwenye folda ya seva yako, andika @font-face kwenye CSS (faili la mwonekano), kisha ufute ile link ya Google. Watu hupima ukurasa wa mwanzo peke yake wakaridhika. Nenda ukurasa wa mawasiliano, utaikuta reCAPTCHA (kile kizuizi cha roboti) inavuta fonti ya Roboto kutoka Google upya. Ramani na slaida nazo ni hivyo hivyo. Video ya YouTube ibadilishie anwani iwe youtube-nocookie.com, au bora weka picha yenye kiungo.

Bi_Kidawa
Na lile bango la kuki, vile vijifaili vinavyowekwa kwenye kifaa cha msomaji?

Nahodha_wa_Seva
Kama huna kuki za ufuatiliaji, bango la nini? Mengi ni mapambo: kuki zimeshaingia kabla msomaji hajabonyeza chochote. Kuhesabu wasomaji, pitisha logi za seva (kumbukumbu za waliotembelea) kwenye programu ya GoAccess, basi.

Fundi_Waya
Logi zenyewe pia zina IP. Kwenye cPanel, jopo la kusimamia tovuti, fungua Raw Access, uweke tiki kwenye kufuta kumbukumbu za mwezi uliopita. Bila hiyo, na kama uhifadhi umewashwa, folda ya logs hujaza faili za .gz za miaka. Kama seva yako inatumia programu ya nginx, ni faili la /etc/logrotate.d/nginx, weka daily na rotate 7, yaani logi za siku saba tu.

WordPress, programu ya kuendesha tovuti, huhifadhi IP ya kila anayetoa maoni, daima. Kuifuta baada ya siku 30, tumia amri hii kwenye hifadhidata:

UPDATE wp_comments SET comment_author_IP='' WHERE comment_date < NOW() - INTERVAL 30 DAY;

Chukua bakapu (nakala ya akiba) kwanza, na hakikisha kiambishi cha majina ya majedwali ni wp_ kweli, maana wengine walikibadilisha. Siku 30 nimeziacha makusudi: ukifuta papo hapo huna namna ya kumzuia mtukanaji. Gravatar, huduma ya nje ya picha za watoa maoni, izime kwenye Settings, Discussion.

Pweza_Kavu
Picha je? Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Klabu moja ya usiku ikalipishwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Wapiga picha wa mitaani na mashindano ya watoto, kazi kwenu. Kabla ya kupandisha, ondoa taarifa ya mahali ilipopigwa iliyofichwa ndani ya faili, kwa programu ya exiftool: exiftool -gps:all= picha.jpg

Bi_Kidawa
Mtu akiomba afutwe, kanuni za Kenya zinatoa siku 14. WordPress ina Erase Personal Data kwenye Tools, tangu toleo la 4.9.6. Haifuti maoni! Inaondoa jina na barua pepe, maneno yanabaki. Kama alijitaja ndani ya maandishi, au mwenzake alimjibu kwa jina, itabidi uhariri kwa mkono. Weka pia orodha ya waliofutwa kwa namba za maoni tu, bila majina, ili siku ukirudisha bakapu ya zamani uwafute tena.