Matembezi mepesi ya msituni na mikokoni: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi huu naufungua kwa sababu ya bi mkubwa wangu. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na sisi wanawe tulishazoea kumwacha nyumbani kila tunapotoka. Mwezi uliopita nikasema hapana, safari hii anakwenda. Nikampeleka Jozani, kama kilomita 35 kutoka mjini Unguja.

Msituni njia ni tambarare na kivuli hakikatiki. Tulikwenda mwendo wake, chini ya mitondoo, tukipumzika anapotaka. Kima punju tuliwakuta upande wa pili wa barabara wanakula majani ya mkungu. Mama akasema zamani wakulima wakiwafukuza, wakiamini mti waliokula hufa. Ndiyo wakaitwa punju, yaani sumu. Muongozaji akaongeza kuwa hula hata mkaa, maana mkaa hunyonya sumu iliyomo kwenye majani. Asili ya kima hawa ni Unguja tu, duniani kote.

Lakini kilichonishika ni mikokoni, kwenye njia ya mbao ya Pete. Mama alisimama, akashika ukingo, akaanza kuitaja miti mmoja mmoja. Huu wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko wenyewe. Ule mkandaa, gome lake lilitumika kutia rangi ngozi na nyavu. Ule msinzi, mizizi yake imekunjika kama magoti. Huu mchu. "Lamba jani," akaniambia. Nikalamba: chumvi tupu! Kumbe babu yake alikuwa mkata boriti. Mimi nimezaliwa kisiwa hikihiki na miti yote ile nilikuwa naiita mikoko, basi.

Nyinyi mmetembea wapi? Na nani?

Wa Kilifi: Ahsante kwa mada, umenigusa. Mimi niliwatoa watoto watatu, mdogo ana miaka 6. Asubuhi tulianza Arabuko Sokoke, karibu na Gede, upande wa miti iitwayo mirihi, ambako mchanga ni mweupe na miti imeachana, mtoto anaona mbali. Tulikuwa tunamtafuta sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Tukamsikia akichakura majani makavu, kisha akapita kasi na kupotea. Sekunde mbili! Yule mtoto mdogo bado anasimulia.

Jioni tukashuka Mida. Pale njia ya mbao imening'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, inayumba kidogo, na mwishoni kuna kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake kinasaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu, kwa hiyo nililipa kwa moyo mweupe.

Wa Kwale: Nawaomba sana, kabla ya kwenda tazameni mwezi. Mimi nilikwenda Gazi siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nikafika maji yamejaa. Pwani yetu bamvua hupanda karibu mita 4, kwa hiyo mizizi yote ilikuwa chini ya maji na kaa sikumwona hata mmoja. Niliporudi maji yamekupwa nikakuta mahali pengine kabisa: matundu ya kaa kila hatua, na miche ya mkoko iliyodondoka kutoka kwenye mama zao imesimama wima matopeni kama mishale. Kijana wangu aliteremka kwenye mbao ili aguse mmoja, akazama hadi gotini, na kandambili ikabaki humo. Vaeni viatu vya kufunga, na msiteremke.

Njia ile inaendeshwa na kina mama wa kijiji. Ukiwaarifu mapema wanakupikia samaki na wali wa nazi. Mradi wa Mikoko Pamoja pia uko hapohapo. Mikoko ikilindwa hufyonza hewa ya ukaa, na fedha wanazolipwa kwa hilo zimeleta maji na vitabu vya shule.

Wa Maskati: Wa alaykum salaam. Huku kwetu mti ni mmoja tu, mchu, nao ndio unaoitwa qurm. Mtaa mzima wa Qurm umechukua jina lake. Marehemu bibi alizaliwa Unguja. Kila tulipopita pale alikuwa akisema, "Mchu uko, wenzake wako wapi?" Sikupata kumwelewa hadi leo niliposoma orodha ya mama yako. Wa Kilifi, pale Mida hukuona ndege weupe wenye mabawa meusi na mdomo mnene, wanaokula kaa? Hao hutaga huku Ghuba, kwenye mashimo ya mchangani, kisha wanakuja kwenu.

Wa Kilifi: Niliwaona! Kundi zima, wamesimama kwenye tope.

Mwanzisha uzi: Wa Maskati, nimemsomea mama maneno ya bibi yako. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mwezi leo ni wa ngapi. Anataka turudi Pete maji yakiwa yamekupwa, na safari hii anasema nibebe kalamu na daftari.